Abasi: shajara ya kulinganisha gome na jani

19 Januari 2024: Swali, mti na mwenye mti

Mti tunaoufanyia kazi ni Warburgia ugandensis, ambao Waganda huuita abasi au mukuzanume, Wakikuyu huuita muthiga, na Wamasai osokonoi. Waganga wa mitishamba tuliozungumza nao upande wa Mukono wote wanautumia, na karibu wote wanatumia gome: hutafunwa na mwenye kikohozi au koo linalouma, huchemshwa kwa ajili ya tumbo, na husagwa kuwa unga wa kutia kwenye vidonda. Hapo ndipo penye tatizo. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakipati tena njia ya kushuka mizizini, na mti hufa ukiwa umesimama. Katika mashamba manne tuliyoyatembelea tulikuta miti saba mikubwa, na mitatu kati yake ilikuwa imebanduliwa hivyo, matawi ya juu yakiwa makavu.

Kwa hiyo swali letu si kama abasi ni dawa, bali ni kama jani lake, ambalo huota tena baada ya kuchumwa, linaweza kufanya kazi inayofanywa na gome. Ukali wa mti huu unatokana na kundi la kemikali ziitwazo seskwiterpeni, zikiwamo polygodial, warburganal na muzigadial. Warburganal ilielezwa katika miaka ya 1970 na wanakemia waliokuwa wakitafuta vitu vinavyomzuia kiwavijeshi kula majani, na polygodial inajulikana kuwa na nguvu dhidi ya fangasi wa jamii ya Candida. Tutalipima gome na jani dhidi ya vimelea vitatu vya kawaida vya maabara (ATCC ni namba ya kimelea katika hazina ya vimelea ya Marekani): bakteria Staphylococcus aureus ATCC 25923 na Escherichia coli ATCC 25922, na fangasi Candida albicans ATCC 90028.

Kabla ya kukata hata jani moja tulishughulikia vibali. Uganda ina kanuni za mwaka 2005 kuhusu upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na kugawana manufaa yake, na maombi hupitia Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Tulitia saini makubaliano na mzee mwenye mti mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, yakieleza kwamba matokeo yote atarudishiwa yeye kwanza, yawe mazuri au mabaya. Anayetaka kuiga kazi hii asiiruke hatua hii hata kama mti uko shambani kwa mjomba wake, kwa sababu maarifa ya matumizi nayo yana mwenyewe.

Mzee alijifunza Kiswahili alipokuwa kibarua wa reli Jinja, na ndicho tulichozungumza. Nilipomwomba anionyeshe anavyovuna, alichagua upande wa shina unaotazama mawio, akapiga panga juu na chini, akachokonoa kipande cha ukubwa wa kiganja, kisha akapaka udongo mbichi kwenye jeraha. "Mwanangu, mti una pande nne," alisema. "Ukichukua upande mmoja leo, wa pili uungoje mpaka huu upone." Alinikatia ukucha wa gome nitafune. Kwa muda wa kama nusu dakika sikusikia kitu zaidi ya ladha ya kuni kavu, kisha ukali ukaanzia pembeni mwa ulimi, ukapanda kaakaani na kushuka kooni kama pilipili kichaa, ila bila harufu ya pilipili. Jani lilifanya vilevile, lakini kwa kuchelewa na kwa upole zaidi. Tofauti hiyo iliyosikika ulimini ndiyo tunayotaka kuiandika kwa namba.

Gharama ya hatua hii: usafiri wa siku mbili na boda za ndani, shilingi za Uganda 140,000.

6 Februari 2024: Sampuli iliyokataliwa na majani yaliyooga ukungu

Tulifanya makosa mawili, na yote yalitokana na haraka.

La kwanza lilikuwa tawi la utambulisho. Kazi yoyote juu ya mmea haina thamani kama hakuna sampuli iliyokaushwa, kubandikwa na kuhifadhiwa katika herbaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ili mtu wa miaka 20 ijayo aweze kuhakikisha kwamba tulichokipima ndicho tunachokitaja. Sisi tulipeleka tawi lenye majani matupu. Mtaalamu wa mimea alilitazama, akasema kwamba anaamini ni abasi, lakini hawezi kuandika kwa kuamini, na akatutaka tulete tawi lenye ua au tunda. Alikuwa na haki kabisa. Tulirudi shambani, tukapata matunda machanga kwenye matawi ya juu, na mara ya pili tawi likapokelewa na kupewa namba.

La pili liliumiza zaidi. Kilo tano za majani mabichi zilisafirishwa ndani ya makavera (mifuko ya plastiki) mawili yaliyofungwa midomo, na kwa kuwa tulichelewa Najjembe, pale magari yanaposimama kwa gonja (ndizi za kuchoma) na kuku wa kuchoma, majani yalikaa humo tangu asubuhi hadi usiku. Tulipoyafungua yalikuwa na joto la mkono na yametoa jasho. Tukayatandaza hivyohivyo, na siku ya nne utando mweupe wa ukungu ulikuwa umeota kwenye makunyanzi ya chini. Yote tuliyatupa. Ukungu hutoa kemikali zake zenyewe, na baadhi ya hizo huua bakteria, kwa hiyo jani lenye ukungu linaweza kukupa matokeo ya kupendeza ambayo si ya jani.

Mara ya pili tulitumia magunia ya katani yanayopitisha hewa, tukatandaza majani safu moja juu ya wavu ndani ya chumba chenye kivuli na feni, na tukawa tunapima uzito kila siku hadi ulipobaki uleule kwa siku tatu mfululizo. Majani yalichukua siku 9, na gome lililokatwa vipande vyembamba lilichukua siku 16. Hatukukausha juani kabisa.

Gharama: safari ya kurudia na magunia, shilingi 95,000.

1 Machi 2024: Ethanoli, na kipimajoto ambacho hakikuwa kweli

Mwendo wa kawaida ni mfupi kuueleza. Gramu 200 za unga ziliroweshwa katika lita 2 za ethanoli ya asilimia 96 kwa saa 72, zikitikiswa mara kwa mara, zikachujwa kwa karatasi ya Whatman namba 1, na ethanoli ikavukizwa kwa mashine inayozungusha chupa juu ya beseni la maji moto huku hewa ikinyonywa. Kinachobaki, rojo zito la kahawia kwa gome na la kijani kibichi sana kwa jani, ndicho tunachokiita dondoo.

Tulikuwa tumepanga maji yawe nyuzi 40. Gome la kwanza lilipokuwa likivukizwa, chumba kilijaa harufu kali iliyotutoa machozi, na mwenzangu mmoja akaanza kukohoa. Tulidhani ndivyo gome lilivyo. Ni baada ya saa tano, nilipochovya kipimajoto cha kawaida cha zebaki ndani ya beseni, ndipo nilipoona nyuzi 63, ilhali kioo cha mashine kilikuwa kikiendelea kuandika 40. Kihisio cha joto kilikuwa kimechomoka mahali pake na kilikuwa kikisoma hewa ya pembeni. Umeme ulikuwa umekatika mara mbili siku hiyo, na kila uliporudi hita iliwaka kwa nguvu zote ikijaribu kufikia nyuzi 40 ambazo kihisio hakikuwa kikiziona.

Tulirekebisha kihisio, na tangu siku hiyo kipimajoto cha kioo kinakaa ndani ya maji muda wote, na usomaji wake unaandikwa daftarini kila nusu saa. Hatukuitupa dondoo iliyoungua. Tuliiandika "Gome A" na kuiweka kwenye friji, kwa sababu nilitaka kujua joto limeiharibu kiasi gani. Gome jipya, yaani "Gome B", dondoo yake ilivukizwa kwa nyuzi 40 za kweli.

Mavuno: Gome B lilitoa gramu 19.6 kutoka gramu 200, sawa na asilimia 9.8. Jani lilitoa gramu 35.2, sawa na asilimia 17.6. Iwekeni akilini tofauti hiyo, kwani itarudi mwishoni.

Gharama: lita 10 za ethanoli na karatasi za kuchujia, shilingi 390,000.

22 Machi 2024: Vishimo kwenye aga

Njia rahisi ya kuanzia ni kupaka bakteria juu ya sahani ya aga ya Mueller-Hinton, yaani jeli yenye lishe ya kuoteshea bakteria, kutoboa vishimo vya milimita 6, kutia dondoo ndani yake, na kupima kesho yake duara safi ambalo bakteria hawakuota. Tulipoteza wiki nzima hapa.

Sahani za kwanza zilionyesha kwamba antibiotiki gentamisini ya maikrogramu 10, ambayo dhidi ya S. aureus ATCC 25923 inapaswa kutoa duara la kati ya milimita 19 na 27, imetoa milimita 16 tu. Dawa inayojulikana ikishindwa, hakuna kinachoweza kusemwa juu ya dawa isiyojulikana, kwa hiyo sahani zote 30 zilihesabiwa kuwa si kitu. Sababu tuliipata kwa rula: aga ilikuwa na kina cha milimita 6 badala ya 4, kwa kuwa aliyemimina alikuwa akikadiria kwa jicho. Aga nene huipa dawa nafasi ya kushuka chini badala ya kuenea pembeni. Sasa tunamimina mililita 25 zilizopimwa katika kila sahani ya milimita 90.

Kosa lililofuata lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilikuwa likitufurahisha. Dondoo zote zilitoa maduara makubwa, hata dhidi ya E. coli, na nilikuwa tayari nimeanza kuandika. Kisha tukatazama kishimo cha kulinganishia, kile chenye kiyeyushi peke yake, na nacho kilikuwa na duara la milimita 11. Tulikuwa tumeyeyusha dondoo katika DMSO, kiyeyushi cha maabara, isiyochanganywa na maji, na DMSO ya namna hiyo inazuia bakteria kivyake. Tulipoipunguza hadi asilimia 10, duara la kiyeyushi likatoweka, na duara la E. coli likatoweka pamoja nalo. Naomba anayesoma ripoti yoyote ya mitishamba aanze kwa kutafuta kishimo hicho. Kisipotajwa, maduara mengine yote hayana mizani.

Hata baada ya masahihisho, njia ya vishimo ina udhaifu kwa mti huu. Kemikali zake kali hazipendi maji, na aga kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo haziendi mbali. Duara dogo linaweza kumaanisha dawa dhaifu, au dawa kali isiyoweza kutembea. Tukaamua kuhamia kwenye mchuzi, yaani maji yenye lishe ya vimelea.

Gharama: aga, sahani 200, diski za dawa, shilingi 760,000. Theluthi moja hivi ya fedha hizo iliishia kwenye sahani zilizotupwa.

19 Aprili 2024: Trei ya vishimo 96 na rangi iliyosema uongo

Katika njia hii dondoo huzimuliwa nusu kwa nusu, tangu miligramu 4 kwa mililita kushuka hadi 0.03, ndani ya mchuzi wenye vimelea, na DMSO haizidi asilimia 2. Kimelea kikikua, mchuzi huchafuka. Kikizuiwa, hubaki mweupe. Shida ni kwamba dondoo ya jani ni ya kijani iliyokolea, na katika vishimo vya juu hakuna anayeweza kuona uchafu wowote. Watu wengi hutatua hili kwa rezazurini, rangi ya bluu inayogeuka waridi pale penye viumbe hai. Nasi tuliitia.

Asubuhi nilipoiinua trei dhidi ya dirisha, safu za gome zilikuwa zimejipanga vizuri, bluu upande wa kushoto na waridi kulia. Safu za jani zilikuwa waridi tupu, mwanzo hadi mwisho, hata kwenye ukolezi wa juu kabisa. Nilikaribia kuandika kwamba jani halina nguvu. Kilichotuokoa ni safu moja ya chini kabisa, tuliyokuwa tumeitia dondoo ya jani na mchuzi bila kimelea chochote. Nayo ilikuwa waridi. Jani la abasi lina kemikali zinazoipokonya rezazurini oksijeni yake bila msaada wa kiumbe hai, na rangi ikawa inatuonyesha jani lenyewe badala ya fangasi.

Suluhisho lilikuwa la kizamani na la kuchosha. Kutoka kila kishimo tulichukua kidogo, tukakizimua mara 100, na kudondosha maikrolita 10 juu ya aga safi, kisha tukahesabu makoloni, yaani madoa ya vimelea vilivyoota, siku iliyofuata. Tulifanya hivyo pia saa ya kuanza, kabla ya kuiweka trei kwenye joto la kukuzia vimelea, ili tujue tulipanda wangapi. Kwa bakteria 500,000 kwa mililita, tone hilo linapaswa kutoa makoloni 50 hivi. Tone likifunikwa na utando, kimelea kilikua, makoloni yakiwa karibu na yale ya mwanzo, kilizuiwa, yasipokuwepo, kiliuawa. Inachukua siku moja zaidi na sahani nyingi, lakini inatenganisha kuzuia na kuua, jambo ambalo rangi isingetuambia.

Gharama: trei, rezazurini, ncha za pipeti na sahani za ziada, shilingi 520,000.

24 Mei 2024: Namba

Kila kipimo kilirudiwa mara tatu katika siku tofauti. Naandika ukolezi mdogo kabisa uliozuia, kwa miligramu katika mililita.

Dhidi ya Candida, Gome B lilizuia kwa 0.125 na jani kwa 0.5. Dhidi ya S. aureus, gome lilizuia kwa 0.5 na jani kwa 1. Dhidi ya E. coli, hakuna kilichozuia hata kwa 4. Hili la mwisho halikutushangaza, kwani E. coli ana utando wa nje ambao huzuia kemikali nyingi za namna hii kuingia, lakini lazima lisemwe wazi kwa sababu gome hili huuzwa kama dawa ya kila aina ya kuhara.

Gome A, lile lililoungua, lilihitaji 1 ili kumzuia Candida, yaani mara nane ya Gome B. Ili kuhakikisha, tuliligawa Gome B mara mbili, nusu tukaiacha kwenye friji na nusu tukaiweka ndani ya oveni ya nyuzi 60 kwa saa sita. Nusu ya friji ilibaki 0.125, na ya oveni ikawa 0.5. Kwa mti huu, basi, nyuzi zinazoandikwa kwenye ripoti si mapambo.

Sasa kuhusu gome na jani. Kwa kutazama dondoo peke yake, jani ni dhaifu mara nne kwa Candida na mara mbili kwa S. aureus. Lakini mganga hashiki dondoo mkononi, anashika jani. Gramu moja ya unga wa gome hutoa miligramu 98 za dondoo, ambazo kwa 0.125 zinatosha kuzimuliwa katika mililita 784 na bado zikamzuia Candida. Gramu moja ya jani hutoa miligramu 176, ambazo kwa 0.5 zinatosha mililita 352. Tofauti inashuka kutoka mara nne hadi mara mbili na kidogo. Kwa S. aureus ni mililita 196 kwa gome na 176 kwa jani, na hizo ni karibu sawa. Nilipomaliza hesabu hiyo niliirudia mara mbili, kisha nikampa mwenzangu aifanye bila kumwonyesha jibu langu. Jibu lilikuwa lilelile.

Namba hizi ni za trei na vimelea vya maabara. Hakuna mgonjwa aliyetibiwa, na hakuna kipimo cha kunywa kinachoweza kutolewa humo.

21 Juni 2024: Maji ya kuchemsha, na kurudi kwa mzee

Kwa kuwa nyumbani hakuna anayetumia ethanoli ya asilimia 96, tulichemsha gramu 50 za kila unga katika nusu lita ya maji kwa dakika 30. Chupa za kwanza zilikaa mezani usiku mmoja, na asubuhi zilikuwa na povu na harufu ya kuchacha, kwa hiyo zilimwagwa baada ya kupitishwa kwenye otoklevu, mashine inayoua vimelea kwa mvuke. Tulichemsha upya, tukachuja na kukausha siku hiyohiyo. Dondoo ya maji ya gome ilimzuia Candida kwa miligramu 4, na ya jani haikuzuia chochote. Joto na maji, yote mawili yanaelekea upande mmoja: kemikali kali haziyeyuki vizuri majini, na zile zinazoyeyuka zinapikwa.

Tulimpelekea mzee matokeo kama tulivyoahidi. Nilimsomea namba, na nilipofika kwenye maji ya kuchemsha alininyamazisha kwa mkono. "Nani alikuambia nachemsha nusu saa?" aliuliza. "Maji yakitokota naepua, natia unga, nafunika. Wanaochemsha sana ni wauzaji wa barabarani." Tulikuwa tumemhoji Januari kuhusu sehemu za mti, msimu na magonjwa, lakini dodoso letu halikuwa na swali hata moja kuhusu dakika. Tumeliongeza, na mbele yake tukapima kwa saa ya simu: unga vijiko viwili, maji yaliyoepuliwa, kifuniko, na dakika 20 hadi alipokiinua. Kipimo cha Julai kitafuata utaratibu huo, kwa gome na kwa jani.

Kabla ya kuondoka tulikwenda kwenye mti. Udongo alioupaka ulikuwa umebanduka, na kingo za jeraha zilikuwa zimevimba na kusogea ndani kwa milimita 8 kila upande. Tumepiga alama mbili za rangi pembeni ili tupime tena mwezi Septemba. Mzee pia ametuomba mbegu zikiiva zisikaushwe, kwa kuwa za abasi zikikauka hazioti, na tumekubaliana ziingie kwenye vijaluba vya kuoteshea miche siku ileile zitakapookotwa.

Kinachosubiri: sumu. Dondoo inayomwasha mtu ulimi namna hii haiwezi kupewa mtu yeyote kabla ya kupimwa, na tutaanza kwa kuipima kwa kamba wadogo sana wa maji ya chumvi, Artemia salina. Mayai tuliyonunua kwa shilingi 110,000 hayakuangua baada ya saa 48, na tarehe iliyo chini ya kopo ilikuwa imefunikwa kwa stika ya bei. Tumeagiza mengine.